MGUU UNAOKATAA MLIMANI SI MGUU WA MVIVU

Mashindano ya ubingwa wa dunia ya mbio za baiskeli barabarani yalifanyika Kigali kuanzia tarehe 21 hadi tarehe 28 Septemba 2025, na ilikuwa mara ya kwanza katika historia yake kufika katika bara la Afrika. Siku ya mwisho wanaume walishindana kwa umbali wa kilomita 267.5, wakipanda na kushuka vilima bila kupumzika. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia, na kati ya wote waliopanga mstari asubuhi ni 30 tu waliofika mwisho. Dunia iliona kwa macho yake jambo ambalo sisi tulilijua tangu zamani, kwamba mlima wa Rwanda haumwonei mtu haya.

Sasa wageni wamekwisha kuondoka, nasi tumebaki na matunda ya sherehe. Moja la matunda hayo ni hamu ya vijana. Nchi ambayo imekuwa na Tour du Rwanda tangu mwaka 1988, na ambayo ilimwona Valens Ndayisenga akiwa Mnyarwanda wa kwanza kuushinda mzunguko huo mwaka 2014 tangu ulipoingizwa katika ratiba ya kimataifa, haiwezi kushangaa ikiona kila kijana mwenye magurudumu mawili anajifananisha na bingwa. Hamu hiyo ni njema. Lakini kila hamu ya mwili ina gharama yake, na mwenye busara huhesabu gharama kabla ya kulipa.

Atakaye kuiona hamu hiyo na afike Kanama. Barabara itokayo Musanze hupitia Mukamira na Bigogwe, kisha huteremka hadi Mahoko katika sekta ya Kanama, na kutoka hapo huenda Gisenyi kwenye ukingo wa Ziwa Kivu. Kila siku ya Mungu utawakuta katika barabara hiyo vijana waliofungasha magunia ya viazi juu ya baiskeli nzito, wakishuka kwa uangalifu na kupanda kwa jasho. Utawakuta pia wale wa baiskeli nyepesi za mashindano, kwa kuwa wilaya ya Rubavu ndiyo makao ya klabu ya Benediction, nayo mbio za taifa zimepita huko mara nyingi. Na alfajiri, kabla ya wote hao, utawakuta askari wakikimbia kwa vikosi. Kijana wa Kanama huujua mlima kabla hajaijua baiskeli, na huko ndiko majeshi yetu yanakopata miguu iliyo tayari.

Katika makala hii tunakusudia kuchambua jambo moja ambalo halizungumzwi sana katika kambi zetu wala katika klabu zetu za michezo, nalo ni maradhi ya ateri za miguu yanayowapata watu wenye afya kamili, wasiovuta sigara, wasio na sukari, ambao kosa lao pekee ni kuitumia miguu yao kupita watu wengine.

MGONJWA WA KWANZA ALIKUWA ASKARI

Fikra ya kwamba mguu waweza kukataa kazi kwa kukosa damu, ilhali mfupa na msuli ni vizima, si mpya. Mwaka 1831 daktari wa mifugo wa Kifaransa aitwaye Bouley alimchunguza farasi wa kuvuta gari ambaye kila alipokwenda mwendo alianza kuchechemea, na kila aliposimamishwa alirudia hali yake. Mwaka 1858 mwenzake wa upande wa wanadamu, daktari mashuhuri Charcot, alieleza hali hiyo hiyo kwa mtu. Mtu huyo alikuwa amewahi kuwa askari, naye alikuwa na jeraha la zamani la risasi lililoiharibu ateri ya nyonga. Akitembea, mguu ulikufa ganzi na kuuma. Akikaa, maumivu yalikwisha. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza maradhi haya yanahusiana na watu wa kazi yetu.

Kwa muda mrefu baada ya hapo madaktari waliamini kwamba, ukiacha majeraha, kuziba kwa ateri za miguu ni maradhi ya wazee, hasa wavuta sigara na wenye kisukari, ambao mafuta yameganda ndani ya mishipa yao. Imani hiyo ni sahihi kwa wagonjwa walio wengi, na maofisa waliofikia umri wa miaka hamsini huku paketi ya sigara ikiwa mfukoni wasiisahau. Lakini imani hiyo hiyo iliwafanya madaktari wasimwone kijana. Kijana wa miaka ishirini na mitano alipolalamika kwamba mguu unamfia katikati ya mlima, aliambiwa apumzike, au ajikaze, au aache uongo.

NYONGA NA BAISKELI

Mwaka 1985 madaktari wa Uswisi walitoa taarifa juu ya waendesha baiskeli wa mashindano ambao ateri zao za nyonga zilikuwa zimenenepa kwa ndani. Muda mfupi baadaye madaktari wa Lyon, Ufaransa, waliendeleza uchunguzi huo, na baada yao wakaja wale wa Veldhoven, Uholanzi, ambao ndio waliokusanya wagonjwa wengi. Ilibainika kwamba ugonjwa huu si wa mafuta. Ukuta wa ndani wa ateri huota nyama ngumu ya kovu, polepole, mwaka baada ya mwaka, hadi njia ya damu inakuwa nyembamba.

Sababu yake si vigumu kuielewa. Ateri kuu ya mwili hushuka tumboni na kugawanyika, kila tawi likaelekea mguu wake kupitia nyonga na kinena. Mwendesha baiskeli huinama, na kila anapokanyaga pedeli nyonga yake hukunjwa na kukunjuliwa. Kwa mwendo wa mizunguko 90 kwa dakika, nyonga hukunjwa mara 5,400 kwa saa moja, na kwa mazoezi ya saa nne ni mara 21,600. Aliyewahi kumwagilia bustani kwa mpira wa maji anajua kwamba mpira ukipindwa maji hupungua, na ukipindwa kila siku mahali pale pale hupata alama isiyofutika. Zaidi ya hayo, msuli mkubwa uliopo mbele ya nyonga hukua kwa mazoezi na kuisukuma ateri, nayo ateri haiwezi kukwepa kwa sababu imefungwa na matawi yake madogo kama hema lililofungwa kwa kamba.

Jambo la pili ni wingi wa damu yenyewe. Moyo wa mtu aliyepumzika husukuma damu yapata lita 5 kwa dakika. Moyo wa mwanariadha wa mbio ndefu, akiwa katika kilele cha juhudi, waweza kusukuma lita 30 au zaidi, na sehemu kubwa ya damu hiyo huenda miguuni. Mto mkubwa ukipita kwa nguvu katika kona ile ile hubomoa ukingo. Watu wa Kanama hawahitaji kufundishwa jambo hilo, maana waliuona mto Sebeya usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023.

Madaktari wa Veldhoven wamekadiria kwamba kati ya waendesha baiskeli watano wa daraja la juu, mmoja hupatwa na upungufu wa damu wa aina hii. Mguu wa kushoto hupatwa zaidi kuliko wa kulia. Na si baiskeli peke yake: wakimbiaji wa mbio ndefu, wapiga makasia na wateleza juu ya barafu nao wamo katika orodha ya wagonjwa.

GOTI NA BUTI

Ugonjwa wa pili unatuhusu sisi wa kambini kwa karibu zaidi, kwa sababu haungoji baiskeli. Nyuma ya goti inapita ateri iletayo damu katika shavu la mguu na unyayo. Kwa kawaida hupita katikati ya vichwa viwili vya msuli wa shavu. Lakini wako watu waliozaliwa na kasoro ndogo, ama ateri imepita upande usio wake, ama msuli umejishikiza mahali pasipo pake. Mtu huyo huishi bila kujua lolote. Siku anapoanza mazoezi makali, msuli unakua, na kila anapokaza shavu la mguu kupanda mlima, msuli unaibana ateri kama mkono ubanavyo shingo ya kuku.

Kasoro hii iligunduliwa mwaka 1879 na mwanafunzi wa udaktari huko Edinburgh alipokuwa akichunguza mguu uliokatwa. Ilichukua karibu miaka themanini kabla ya mtu aliye hai kupasuliwa kwa ajili yake, huko Leiden, Uholanzi. Lakini taarifa inayotufaa zaidi ni ya jeshi la Ugiriki, iliyochapishwa mwaka 1981. Kati ya askari 20,000 waliohusika, 33 walikutwa na kasoro hiyo, na kwa kuwa 12 kati yao walikuwa nayo miguu yote miwili, jumla ya miguu ilikuwa 45.

Tuyapime maneno haya kwa kipimo cha kikosi. Watu 33 katika 20,000 ni sawa na mtu mmoja katika kila mia sita. Kwa jeshi zima ni idadi ndogo. Lakini mkuu wa kikosi cha askari mia sita ajue kwamba huenda anaye mtu mmoja wa namna hiyo katika gwaride lake la asubuhi, tena yaelekea mtu huyo ni miongoni mwa wenye miguu minene na bidii nyingi.

Nilipokuwa kadeti tulikuwa na mwenzetu mmoja, mtoto wa wakulima, hodari wa darasani na hodari zaidi wa kulenga shabaha. Katika kila mwendo mrefu wa shanta na bunduki, tulipofika kwenye mteremko wa kwanza alikuwa mbele yetu, na tulipofika katikati ya mlima wa pili alisimama. Alisema shavu la mguu wa kushoto limekuwa jiwe na unyayo umekufa ganzi. Alisimama dakika mbili, kisha akatukimbilia na kutupita, hadi mlima uliofuata. Mwalimu wetu alimwita mtegeaji mbele ya kombania nzima. Sisi wenzake tulicheka, nami nilikuwa mmoja wa waliocheka. Kabla ya mwaka kwisha aliondolewa mafunzoni. Miaka kadhaa baadaye, akiwa raia mwenye duka lake, alipimwa, na ikaonekana kwamba kila alipokanyaga kwa ncha ya mguu ateri ya nyuma ya goti ilifungwa kabisa. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tuliubeba mzigo wake kwa maneno, naye aliubeba kwa mguu.

MTEGEAJI NA MGONJWA

Hapana shaka msomaji mwenye cheo atauliza swali la haki. Je, tukianza kumsikiliza kila askari anayesema mguu unauma, nani atabaki kwenye mstari? Swali hilo hatulikwepi. Wategeaji wapo katika kila jeshi na katika kila kituo cha polisi, wala si kila anayechechemea ana ateri mbovu. Lakini maradhi haya yana tabia zake, na anayezijua hatadanganywa kwa urahisi.

Tabia ya kwanza ni utaratibu. Mtegeaji hubadili maneno kufuatana na kazi aliyopewa, lakini ateri haibadiliki. Maumivu ya mgonjwa wa kweli huja kwa juhudi ile ile kila mara, mlima ule ule, mwendo ule ule, iwe siku ya mazoezi au siku ya kushindania kombe. Tabia ya pili ni kuondoka upesi. Akisimama, maumivu hutoweka baada ya dakika chache, naye akipumzika ni mzima kabisa. Tabia ya tatu ni kupungua kwa nguvu. Mwendesha baiskeli mwenye ateri ya nyonga husema mguu hauna nguvu, paja limejaa, wakati mwingine shavu au tako linauma. Hutamka maneno hayo wakati wa juhudi ya juu kabisa tu, na katika mwendo wa kawaida haoni kitu. Askari mwenye ateri ya nyuma ya goti huumwa shavu la mguu, na unyayo huwa baridi, umepauka na kufa ganzi.

Maradhi mengine ya miguu hayana tabia hizo. Mfupa wa muundi uliopata ufa kwa mwendo mrefu huuma mahali pamoja ukiguswa kwa kidole, na huendelea kuuma hata usiku. Maumivu ya kingo za muundi, ambayo kila kuruta anayajua, huwa makali mwanzoni mwa mbio na mara nyingi hulegea mwili ukipata moto. Kuna tena hali ya misuli kuvimba ndani ya mfuko wake usiotanuka. Mguu huwa mgumu kama ubao, na ugumu huo hukawia kuondoka, mara nyingi nusu saa au zaidi. Nayo mishipa ya fahamu iliyobanwa mgongoni huleta maumivu yanayoanzia kiunoni, tena hata mtu akiwa amekaa. Tabibu wa kikosi anayeuliza maswali manne, yaani lini maumivu huanza, wapi yanauma, huchukua muda gani kwisha, na mguu huwa na rangi gani, amekwisha kupunguza nusu ya kazi.

KIPIMO CHA DAKIKA MOJA

Kosa kubwa linalofanyika mahali pengi ni kumpima mgonjwa akiwa amepumzika. Analazwa kitandani, mapigo ya damu kwenye unyayo yanashikwa, nayo yapo. Anaambiwa ni mzima na kurudishwa kwenye mstari. Ni sawa na fundi anayesikiliza injini ya lori iliyozimwa. Ugonjwa huu hupimwa wakati wa juhudi.

Kipimo chenyewe hakihitaji jumba la kifahari. Mgonjwa huendesha baiskeli isiyosogea, au hukimbia, mpaka maumivu yale anayoyalalamikia yatokee. Kisha hulala chini mara moja, na katika dakika ya kwanza shinikizo la damu hupimwa mkononi na katika kifundo cha kila mguu, kwa mkanda wa kawaida na kifaa kidogo cha Dopla kinachosikiliza mkondo wa damu. Shinikizo la kifundoni hugawanywa kwa lile la mkononi. Kwa mfano, mkono ukiwa 180 na kifundo 100, jibu ni 0.56. Kwa mtu aliyepumzika jibu la kawaida ni 1 au zaidi kidogo. Baada ya juhudi kubwa hushuka hata kwa mtu mzima, na kwa sababu hiyo madaktari wa Ufaransa waliopima wanariadha wazima na wagonjwa walipendekeza mpaka wa 0.66. Aliye chini ya hapo, hasa ikiwa mguu mmoja umeshuka sana kuliko mwenzake, anastahili kupelekwa mbele. Ikipita dakika tano bila kupima, ushahidi unaweza kuwa umetoweka.

Kwa ateri ya nyuma ya goti kuna jaribio jepesi zaidi. Mapigo ya unyayo hushikwa mgonjwa akiwa amenyoosha goti, kisha huambiwa asukume ncha ya mguu chini kwa nguvu, halafu aivute juu. Mapigo yakitoweka, mlango wa uchunguzi umefunguka. Hata hivyo yafaa tuonye kwamba mapigo hutoweka pia kwa baadhi ya watu wasio na maradhi yoyote, kwa hiyo jaribio hili peke yake halimhukumu mtu. Linatakiwa kuungana na malalamiko yake, na baadaye na picha za mawimbi ya sauti na picha za sumaku, zinazopigwa nyonga ikiwa imekunjwa au mguu ukiwa umekazwa. Hapo daktari bingwa huona ateri ilipopindika, iliponenepa, au inapobanwa.

TIBA NA HATARI ZAKE

Tiba huanza kwa swali: mgonjwa anataka kuishi maisha gani? Kovu la ndani ya ateri ya nyonga halina dawa ya kuliyeyusha. Lakini mtu anayekubali kupunguza juhudi aweza kuishi bila maumivu na bila kisu. Mwendesha baiskeli aweza kuinua usukani na kusogeza kiti mbele ili nyonga isikunjwe sana. Wako waliopata nafuu ya kutosha kwa njia hiyo.

Asiyetaka kuacha mashindano hupelekwa kwa mpasuaji wa mishipa. Ikiwa ateri imepindika tu na bado haijanenepa, hufunguliwa kutoka katika vifungo vyake. Ikiwa ni ndefu kupita kiasi, hufupishwa. Ikiwa imenenepa ndani, hupasuliwa, kovu likaondolewa, na kiraka cha vena ya mgonjwa mwenyewe kikashonwa ili kupanua njia. Kwa ateri ya nyuma ya goti, msuli unaobana hukatwa, na kama ateri imekwisha kuharibika huwekwa kipande cha vena badala yake. Kile kibomba cha waya kinachotumiwa kupanua mishipa ya wazee hakipendekezwi kwa vijana hawa, maana nyonga inayokunjwa maelfu ya mara kwa siku huweza kukivunja.

Wako mashahidi wa mafanikio. Stuart O'Grady wa Australia alipasuliwa ateri ya nyonga mwaka 2002, na mwaka 2007 alishinda Paris–Roubaix. Fabio Aru wa Italia, aliyekuwa bingwa wa mzunguko wa Hispania wa 2015, alipasuliwa mwaka 2019 na akarudi katika Tour de France ya mwaka huo huo. Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa alitangaza ugonjwa huo kabla ya msimu wa 2019. Akapasuliwa, akapata dhahabu ya Olimpiki ya baiskeli za milimani mjini Paris mwaka 2024, na mwaka 2025 akashinda Tour de France ya wanawake.

Lakini mwandishi anayetaja washindi tu anawadanganya wasomaji wake. Bara letu lina kaburi moja la kukumbuka. Ryan Cox wa Afrika ya Kusini, mshindi wa Tour de Langkawi wa mwaka 2005, alipasuliwa mshipa wa mguu huko Ufaransa mwezi Julai 2007. Majuma machache baadaye, akiwa amekwisha kurudi nyumbani, ateri ile ilipasuka. Alifariki tarehe 1 Agosti 2007, akiwa na umri wa miaka 28. Wengi hupona, lakini hatari ipo: damu kuvuja, ateri kuziba, kiraka kutanuka baada ya miaka. Ndiyo sababu aliyepasuliwa hutakiwa kupumzika majuma kadhaa bila ubishi, kurudi kazini kwa hatua, na kuangaliwa na daktari kwa miaka mingi. Kisu si njia ya mkato ya kurudi kwenye kikosi.

Na lipo jambo ambalo kila askari alikariri kama anavyokariri namba yake. Mguu ukiuma ghafla, ukawa baridi, ukapauka, ukafa ganzi na usirudie hali yake baada ya kupumzika, huenda ateri imeziba kabisa. Hapo hakuna kungoja asubuhi. Msuli usiopata damu kwa muda wa saa sita au zaidi huanza kufa, na mtu huweza kupoteza mguu wake. Huyo apelekwe hospitali usiku huo huo, kwa gari lolote lililopo.

WAJIBU WETU

Wako wanaosema kwamba haya ni maradhi ya matajiri wa Ulaya, wanaoendesha baiskeli za thamani ya nyumba. Tunakataa hoja hiyo. Ateri haiulizi bei ya baiskeli. Anayekunja nyonga yake mara elfu ishirini kwa siku, awe amevaa jezi ya klabu au amefungasha gunia la viazi kutoka Mahoko, yuko chini ya sheria moja ya maumbile. Tofauti ni kwamba Mzungu hupimwa, na wetu huambiwa ajikaze. Tukikaribisha mashindano ya dunia na kuwaita vijana wetu wapande mlima, tunakaribisha pia wajibu wa kuwaangalia wanapokwama mlimani.

Wajibu huo hauanzi na mashine za gharama. Unaanza kwa mwalimu wa mazoezi kuyaandika malalamiko: jina, mlima, dakika, mguu gani. Unafuata kwa tabibu wa kikosi kuwa na mkanda wa shinikizo na kifaa cha Dopla, na kupima katika dakika ya kwanza. Baada ya hapo mgonjwa apewe barua yenye vipimo hivyo mkononi, aende hospitali ya wilaya, na kama inahitajika hadi hospitali ya kijeshi ya Kanombe au kwa bingwa mwingine wa mishipa. Kampeni za pamoja za jeshi na polisi za kuwahudumia wananchi zinaweza kuongeza kipimo hiki kwa vijana wa klabu za baiskeli na kwa wabeba mizigo wa barabara ile. Gharama yake ni muda wa robo saa kwa mtu.

Nanyi wapiganaji na askari polisi, msiyafiche maumivu kwa kuogopa jina baya. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ushupavu ni kuivumilia taabu ya kazi, wala si kuinyamazia hitilafu inayoweza kumwangusha mwenzako anayekutegemea. Usiku ule Sebeya ilipofurika, waliokuwa majini walihitaji watu wenye miguu inayoaminika. Mkuu anayeijua miguu ya askari wake hupanga kazi yake kwa hakika. Asiyeijua hupanga kwa kubahatisha.

Mwenzetu yule wa kadeti nilimtembelea dukani kwake baada ya kupasuliwa. Alinionyesha alama ya kisu nyuma ya goti, akapanda nami kilima cha nyumbani kwao bila kusimama hata mara moja. Tulipofika juu nilimwomba radhi. Alinijibu kwamba amekwisha kusamehe, lakini kila aonapo kikosi kikipita barabarani na nyuma yake askari mmoja amesimama ameinamia mguu, hujiuliza kama yuko mtu aliyemwendea kumwuliza unauma wapi.